BURE, HURU NA HURIA: LESENI NA GHARAMA ZA PROGRAMU ZA KUUNGANISHA DATA KATIKA MIZANI YA KISWAHILI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza leseni za programu zinazotumiwa na mashirika ya kibiashara kuunganisha data, pamoja na namna bei za programu hizo zinavyopimwa. Yanadai kwamba sehemu kubwa ya gharama anayoibeba mtumiaji hutokana na maneno ya mkataba: neno likieleweka visivyo, hesabu nayo hupotoka. Tunajadili maneno manne, yaani leseni, kununua, safu na huria, kisha tunatoa mapendekezo kwa wanaistilahi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na leseni za programu za tarakilishi. Jibu la kwanza limo katika sheria yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, inapofafanua kazi andishi zinazolindwa, huitaja programu ya tarakilishi katika orodha moja na riwaya, mashairi, tamthilia, kamusi, barua na hotuba. Majedwali ya data yaliyohifadhiwa katika tarakilishi nayo yamo humo. Sheria hiyo yasema bayana kwamba ubora wa kifasihi si sharti. Vilevile, mkataba wa TRIPS, ulioanza kutumika mwaka 1995 miongoni mwa wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, unaagiza katika kifungu cha 10 kwamba programu zilindwe kama kazi andishi chini ya Mkataba wa Berne. Kwa hiyo, machoni pa sheria, mtunzi wa programu na mtunzi wa riwaya wameketi jamvi moja.

Jibu la pili ni la kilugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kueleza mkataba wa biashara kwa usahihi ina cheo kisicho na kazi. Ni muhimu basi kujiuliza iwapo Kiswahili chetu kinaweza kumweleza mweka hazina wa chama cha ushirika ni kitu gani hasa anachotia saini.

2.0 Kuunganisha Data ni Nini?

Tuchukulie mfano wa chama cha akiba na mikopo. Daftari la wanachama liko katika mfumo mmoja, vitabu vya hesabu viko katika mfumo wa pili, na taarifa za malipo ya M-Pesa huja kutoka mfumo wa tatu. Katika daftari, nambari ya simu ya mwanachama huanza na 07. Katika taarifa za malipo huanza na 254. Jina lake la ukoo limetangulia huku na kufuata kule. Mwanadamu akizitazama rekodi hizo hutambua mara moja kwamba ni mtu yule yule. Tarakilishi haitambui hadi ielekezwe.

Programu ya kuunganisha data hufanya kazi tatu. Kwanza, hudondoa data kutoka kila chimbuko. Pili, huigeuza ili iwe na umbo moja; 07 na 254 zikapatanishwa. Tatu, huipakia katika ghala moja ambapo meneja anaweza kuuliza ni nani amelipa na ni nani hajalipa. Baadhi ya programu hubadilisha mpangilio huo, zikapakia kwanza na kugeuza baadaye, lakini lengo ni lile lile.

3.0 Leseni: Nyumba Bila Ardhi

Katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, neno leseni huwapeleka watu kwenye serikali: leseni ya udereva, leseni ya biashara. Ni kibali kinachotolewa na mamlaka ili mtu afanye jambo ambalo bila hicho lingekuwa kosa. Leseni ya programu hufanana na hiyo kwa kuwa nayo ni ruhusa. Hutofautiana nayo kwa kuwa mtoaji ni mwenye mali, na masharti ameyaandika yeye.

Utata huzidi tunaposema kwamba kampuni imenunua programu. Mtu akinunua mbuzi anaweza kumchinja, kumuuza au kumpa mkwewe. Aliyelipia leseni ya programu aghalabu hawezi kuiuza, kuikopesha wala kuifungua aone ilivyoundwa. Alichopata ni idhini ya kutumia nakala kwa namna fulani, kwa watu kadhaa, kwa muda fulani.

Pwani yetu ina mfano unaofaa kulieleza jambo hili kuliko neno kununua. Katika mitaa kadhaa ya Mombasa kuna utaratibu wa muda mrefu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Shirika linalotumia programu ya kulipia limo katika hali hiyo. Data ni yake, kanuni za kuipatanisha amezitunga mfanyakazi wake, lakini zimejengwa juu ya kiwanja cha mwingine. Siku ya kuhama, data huweza kubebwa. Kanuni zilizoandikwa kwa umbo la programu ile mara nyingi hubidi zijengwe upya. Gharama hii ya kuhama haionekani katika ankara ya kwanza, ilhali ndiyo inayompa muuzaji nguvu ya kupandisha bei mwaka wa tatu au wa nne.

4.0 Mizani za Bei

Bei za programu hizi hupimwa kwa mizani kadhaa. Mizani ya kwanza, iliyo kongwe, ni leseni ya kudumu. Mteja hulipa mara moja, kisha kila mwaka hulipa ada ya matengenezo ambayo aghalabu hukaribia sehemu ya tano ya bei ya awali. Tuseme leseni ni shilingi 1,000,000 na ada ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano ya kulipa ada, mteja atakuwa ametumia shilingi 2,000,000. Hivyo, neno kudumu huhusu ruhusa tu; malipo nayo hayakomi.

Mizani ya pili ni usajili wa mwaka au mwezi, unaohesabiwa kwa idadi ya watumiaji au ukubwa wa mashine. Usajili ukikatika, ruhusa nayo hukatika.

Mizani ya tatu ni ya matumizi, nayo ndiyo inayohitaji jicho la mwanaisimu. Baadhi ya huduma za mtandaoni hutoza kwa saa za mashine. Nyingine, kama Fivetran ya Marekani, zimejulikana kwa kutoza kwa idadi ya safu hai za mwezi. Safu huwa hai pale inapoongezwa au kubadilishwa katika mwezi husika. Ikibadilishwa mara kumi ndani ya mwezi huo, bado huhesabiwa mara moja.

Turejee kwa chama chetu. Tuseme kina wanachama 20,000 ambao rekodi zao hubadilika kila mwezi, na miamala mipya 60,000. Safu hai ni 80,000. Sasa tuseme kwamba katika ghala lake la kumbukumbu mna miamala ya zamani 2,000,000, na usiku mmoja mtaalamu wake anaisahihisha yote ili kila muamala uwe na jina la tawi. Mwezi huo safu hai ni 2,080,000, yaani mara 26 ya kawaida. Bei ya kila safu kwa desturi hupungua kadiri idadi inavyoongezeka, kwa hiyo ankara haitapanda mara 26, lakini itapanda. Chama hakikupata mwanachama mpya hata mmoja. Kilichozua gharama ni fasili ya neno hai.

Hapa Kiswahili kina tatizo lake. Neno safu katika magazeti yetu humaanisha sehemu ya ukurasa inayosimama wima, au makala ya mwandishi maalumu. Jeshini na msikitini, safu ni watu waliopangwa ubavu kwa ubavu. Mkataba ukisema tu kwamba mteja atatozwa kwa kila safu, jedwali lenye safu 12 za wima na safu 80,000 za mlalo litaleta ankara mbili tofauti kabisa. Istilahi safumlalo na safuwima zimekwisha kutumiwa katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tunapendekeza zisiwe za hiari katika maandishi ya kisheria.

5.0 Bure, Huru na Huria

Mizani ya nne ni ile isiyo na bei kwenye kibandiko. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya kutolipiwa na maana ya uhuru. Richard Stallman, aliyeandika leseni ya GPL iliyotolewa mwaka 1989, na wafuasi wake wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanazungumzia uhuru. Kiswahili hakina shida hiyo. Bure ni kisicholipiwa, na pia ni kisicho na faida, kama katika kufanya kazi bure. Huru ni asiyefungwa. Huria ni kilicho wazi kwa wote kwa utaratibu maalumu, kama katika soko huria au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Istilahi programu huria, kwa maoni yetu, ni sahihi kuliko ile ya Kiingereza.

Hata hivyo, huria haina maana ya kukosa masharti. GPL humtaka anayesambaza programu aliyoirekebisha aisambaze kwa leseni ile ile. Waliobuni utaratibu huo waliupa jina la mzaha: neno la Kiingereza la haki lina pia maana ya upande wa kulia, nao wakaligeuza kuwa kushoto. Mzaha huo hautafsiriki. Tunapendekeza leseni rithishi, kwa kuwa uhuru hurithishwa kutoka nakala hadi nakala. Leseni ya Apache, ambayo toleo lake la 2.0 ni la mwaka 2004, haina sharti hilo.

Kati ya huria na fungwa kuna kundi la tatu linalokanganya. Airbyte, programu ya kuunganisha data, ilianza na leseni huria. Mwaka 2021 kiini chake kilihamishiwa leseni inayoruhusu watu kuusoma na kuubadilisha msimbo, lakini inayokataza kuutoa kwa wengine kama huduma ya kulipiwa. Hiyo ni programu ya msimbo wazi, wala si huria. Kuziita zote huria ni kumpotosha mnunuzi.

Mfano wa Talend unaonyesha vyema mipaka ya neno hili. Kampuni hiyo iliasisiwa Ufaransa mwaka 2005, na mwaka 2006 ikatoa Talend Open Studio, programu huria iliyopendwa na mashirika yasiyo na fedha nyingi. Mwaka 2016 hisa zake ziliingia soko la NASDAQ. Mwaka 2021 ilinunuliwa na Thoma Bravo, na mwaka 2023 ikawa chini ya Qlik. Tarehe 31 Januari 2024 toleo hilo huria lilikomeshwa. Waliokuwa na nakala zao hawakupokonywa ruhusa waliyokwisha kupewa. Kilichokoma ni matengenezo: hakuna toleo jipya, hakuna kiraka cha usalama. Leseni huria ilitimiza ahadi yake, ila haikuwahi kuahidi mtunzaji.

Mfano wa Kettle una sura nyingine. Programu hii ya Mbelgiji Matt Casters ilitolewa kuwa huria mwaka 2005, ikachukuliwa na Pentaho mwaka uliofuata, na Pentaho ikanunuliwa na Hitachi Data Systems mwaka 2015. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wengine waliweza kuanzisha tawi lao, Apache Hop, ambalo sasa lina walezi wake katika Apache Software Foundation. Tofauti haikuwa katika leseni pekee. Ilikuwa katika kuwapo kwa watu walio tayari kuibeba kazi.

Sisi wa Kiswahili tumeushuhudia uwezo huo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Leseni ya OpenOffice iliwaruhusu wataalamu kuitafsiri na kuisambaza bila kumbembeleza mwenye mali. Kwa programu iliyofungwa, Kiswahili hungoja hadi mwenye mali aone faida. Leseni, kwa hiyo, ni miongoni mwa mambo yanayoamua iwapo lugha itaingia katika mashine.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tumeona kwamba gharama ya kuunganisha data ina tabaka zaidi ya moja. Kuna ada ya leseni, kuna mashine, kuna mshahara wa mtaalamu, na kuna gharama ya kuhama. Programu ya bure huondoa ya kwanza tu. Chama kisicho na mtaalamu kinaweza kulipa zaidi kwa programu huria kuliko kwa ile ya kukodi, na chenye mtaalamu kikaokoa mengi. Hatuwezi kumwamulia mweka hazina. Tunaweza kumpa lugha ya kuamulia.

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika mikataba, kitenzi kununua kiepukwe pale kinachotolewa ni idhini; kupewa leseni ya kutumia au kukodi yatosha. Pili, bure, msimbo wazi, huria na rithishi ziwe istilahi nne tofauti, kila moja na fasili yake. Tatu, idara zetu za Kiswahili zishirikiane na zile za sheria na za tarakilishi katika kuandaa faharasa ya mikataba ya programu, na wanafunzi wa uzamili wapewe kazi hiyo kama mada za tasnifu.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Mashirika yetu yataendelea kuazima programu kwa muda mrefu ujao. Aazimaye hana budi kuyasoma masharti ya mwazimaji, na ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba anaweza kuyasoma kwa lugha anayoielewa.