Sensa ya kamera yangu inabeba mwanga kiasi gani?

SWALI: Ninapiga picha za nyota hapa Kalemie. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala ziwani huwa madoa meupe matupu. Nikipunguza mwanga, nyota hafifu zinapotea. Nitapimaje uwezo wa sensa yangu?

JIBU: Unachopima ni uwiano kati ya mwanga mwingi kabisa ambao pikseli inaweza kubeba na kelele ambayo sensa hutoa hata gizani. Pikseli inayobeba elektroni 48,000 na yenye kelele ya elektroni 3 ina uwiano wa 16,000, yaani karibu stopu 14. Kila stopu ni mwanga mara mbili.

Piga kwa RAW. Funika lenzi, piga picha mbili kwa kasi ya juu kabisa. Kwa programu ya bure kama Siril, toa moja kwenye nyingine, kisha gawanya mchepuko sanifu kwa 1.41: hiyo ndiyo kelele. Halafu elekeza kamera kwenye karatasi nyeupe, ongeza muda hadi thamani za pikseli zisipande tena. Toa wastani wa picha ya giza kwenye kikomo hicho, gawanya kwa kelele.

Rudia kwa kila ISO. Kwa kawaida, ukihesabu kwa elektroni, ukizidisha ISO mara mbili kikomo hushuka nusu, ilhali kelele hupungua kidogo tu, kisha hukwama. Ishia pale inapoanza kukwama. Taa za wavuvi zipigie picha fupi ya pili, uunganishe picha hizo mbili baadaye. Hakuna sensa itakayokuondolea kazi hiyo.