Kuiga Kioo cha Rangi

Katika mji wa Unguja, upande wa bandarini, liko jengo la ghorofa lililoanzwa na mfanyabiashara Tharia Topan, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Baadaye likawa mahali pa kutolea dawa, na jina la zahanati halijalitoka hata leo. Jengo hilo lina vioo vya rangi, na jua likivipiga, rangi hizo huanguka sakafuni. Kioo halisi cha namna hii hakikupakwa kwa brashi. Rangi yake ilitiwa ndani kilipokuwa kikiyeyuka motoni: kobalti hutoa buluu, na shaba huweza kutoa kijani. Katika makanisa ya Ulaya vipande huungwa kwa vyuma vyembamba vya risasi, na katika kanisa la Chartres, Ufaransa, vingi vimedumu tangu karne ya 13.

Sisi hatuna tanuu. Lakini twaweza kuviiga nyumbani, iwapo tutashika jambo moja: rangi ipitishe nuru. Rangi ya milango haifai, hata ikiwa nzuri namna gani. Itaziba dirisha kama ubao. Kuijaribu ni rahisi. Tia tone moja juu ya kipande cha kioo, likikauka ukiweke juu ya kitabu. Ukiweza kusoma herufi, rangi yafaa.

Twaa kioo, piga msasa kingo zake zisikukate, ukisafishe kwa siki. Chora mfano wako katika karatasi, kisha ulaze kioo juu yake. Kwanza piga mistari myeusi, kwa masizi ya taa yaliyochanganywa na vanishi nzito. Hiyo ndiyo badala ya risasi. Hapa wengi hukosea. Huchora samaki akielea peke yake katikati, wala hapana mstari unaomfikia. Fundi wa kweli hawezi kufanya hivyo, maana hakati tundu la umbo la samaki katikati ya kioo kimoja. Basi toa mistari kinywani, mapezini na mkiani, uifikishe ukingoni.

Mistari ikiisha kukauka, changanya rangi na vanishi isiyo na rangi. (Vanishi njema ya zamani ilitengenezwa kwa sandarusi, na katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima ilipitia Unguja kwenda hata Salem, Marekani.) Kioo kilale sawasawa mezani. Tia rangi tone kwa tone, nayo itaenea mpaka kwenye mistari na kuzuiwa, kama maji yazuiwavyo na kingo za majaruba ya mpunga. Usisugue kwa brashi. Vipovu vitoboe kwa sindano, kisha ufunike kwa sanduku vumbi lisiingie. Fanya kazi penye hewa, mbali na taa na jiko, kwani vanishi hushika moto upesi na mvuke wake huumiza kichwa.

Upande uliopakwa uelekee ndani, usipatwe na mvua. Rangi hii haitadumu kama ile ya Chartres. Jua la kila siku huififisha, na huenda ukalazimika kupaka tena. Huko Kendwa, kaskazini ya kisiwa, pwani yaelekea magharibi, na dirisha la upande huo hupata jua la jioni. Tia kioo chako hapo, ukitazame jua likiisha kuzama: nyekundu hutangulia kuwa nyeusi, na buluu hubaki ikionekana kitambo.