SOMO: GARI LINALOSUMBUA KUWAKA BAADA YA KULALA



Kila msimu wa karafuu unapokaribia huwa twatazama majamvi, magunia na kamba za wachumaji. Gari ndilo husahauliwa. Limekaa uani miezi kadha, na siku karafuu kavu zinapotakiwa kufika kituoni, ndipo linapokohoa, likatetemeka na kuzimika; nayo mvua imekwisha tanda. Basi leo twapenda kutoa somo juu ya ugonjwa huu. Somo lenyewe tulilipata mbali na mashamba yetu, huko Nzega katika Mkoa wa Tabora.

Nzega ni mji wa njia panda. Barabara moja yatoka Singida na Igunga, nyingine yaenda Tabora, na nyingine Shinyanga na Mwanza. Katika karne ya 19 Wanyamwezi wa nchi hiyo walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, na baadaye wengine walivuka bahari wakaja kupalilia mikarafuu yetu. Siku hizi mizigo huchukuliwa na malori, na mafundi wa huko hawakosi gari la dizeli la kutibu.

Tulifikia kwa ndugu yetu mmoja afanyaye biashara ya mpunga. Gari lake ni pikapu ya dizeli, ya muundo wa zamani. Likizimwa na kuwashwa baada ya saa moja, liliwaka mara moja. Likilala usiku kucha, starta ilizunguka muda mrefu, kisha injini ikawaka kwa kutetemeka, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Likikaa siku tatu, taabu ilizidi. Alikwisha nunua betri mpya, wala haikusaidia kitu. Halafu akaambiwa kuwa pampu ya dizeli imekwisha, naye akawa anataka kuuza mpunga aliouweka akiba ya nyumbani ili apate fedha ya pampu.

Asubuhi moja akaja fundi kijana. Baada ya kuamkia akauliza, “Mzee wangu, likiwa na moto linasumbua?”

“Halisumbui hata kidogo.”

“Basi pampu tuiache kwanza. Pampu iliyochoka husumbua zaidi injini ikiwa na moto, kwa kuwa dizeli huwa nyepesi ikavuja ndani. Hili lako lasumbua likilala.”

Hakuligusa swichi. Alifungua boneti akabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta. Mwanzo ilikuwa laini, haina nguvu. Alipoendelea kubonyeza ikawa ngumu. Ndipo akasema, “Washa.” Likawaka mara moja, bila kutetemeka.

Tulimwuliza kama si plagi za joto, maana Tabora iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Akajibu kuwa kama zingekuwa plagi za joto, kubonyeza kule kusingefaa kitu. Usiku hewa ilikuwa ikiingia katika mpira na dizeli ikirudi tankini. Akafunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga baina ya filta na pampu, nasi tukaona mapovu yakipita. Aliufuata mpira wa zamani kuelekea tankini, akakuta ufa mdogo chini ya klipu. Haukudondosha hata tone, kwa sababu mahali hapo dizeli huvutwa. Ufa hunyonya hewa. Mpira mpya na klipu mbili zikamaliza kazi. Kesho yake gari likawaka kama kawaida, na mpunga ukabaki ghalani.

Kutokana na hayo twawashauri wanachama wafanye hivi kabla ya kununua chochote:

1. Angalieni gari limekaa muda gani ndipo linasumbue: saa moja, usiku mmoja, au mwezi. Jambo hili ndilo la kwanza kumweleza fundi.

2. Pimeni betri kabla ya kuwasha. Iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu hivi. Wakati starta inazunguka isishuke chini ya 9.6. Hewa yetu ya chumvi hula vichwa vya betri, basi visafisheni. Fungueni waya wa hasi kwanza.

3. Gari la dizeli: toeni maji chini ya filta, kisha bonyezeni pampu ya mkono kama alivyofanya yule fundi.

4. Gari la petroli lenye pampu ya umeme tankini: geuzeni ufunguo taa za dashibodi ziwake, msizungushe starta, ngojeni sekunde tatu, mrudishe. Fanyeni mara tatu, ndipo mwashe. Likiwaka vizuri, shinikizo la petroli hupotea likilala: ama vali ya pampu haizuii petroli kurudi, ama nozeli yavuja. Likitoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na plagi ikatoka imelowa, itazameni nozeli.

5. Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati, mkajaribu. Mkibadili vitatu pamoja hamtajua kipi kilichoponya.

Sigara isiwe karibu. Wala mtu asishike kwa mkono mabomba ya kutoka pampu kwenda kwenye nozeli injini ikizunguka: dizeli hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi.

Msingoje siku ya mzigo. Liacheni gari lilale siku tatu sasa hivi, kisha liwasheni asubuhi mkiwa na nafasi ya kulisikiliza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu yetu wa Nzega alibakisha kidogo tu aujenge ukuta huo kwa mpunga wa watoto wake.