Leptini na Vipokezi Vyake katika Tezi ya Pituitari ya Wagugunaji: Je, Istilahi "Homoni ya Shibe" Inatosha?

1.0 Utangulizi

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990. Jeni ya leptini ilitambuliwa mwaka 1994, hivyo dhana hiyo haikuweza kuingizwa humo. Maelezo yanayojitokeza kwa urahisi kuziba pengo hilo ni "homoni ya shibe". Makala haya yanabainisha kwamba maelezo hayo yanaficha sehemu kubwa ya dhana, na kwamba ushahidi umo katika tezi ya pituitari ya wagugunaji.

2.0 Asili ya Dhana

Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, walionekana panya wadogo walionenepa kupita kiasi. Baadaye Douglas Coleman aliunganisha mikondo ya damu ya panya wa aina mbalimbali, akahitimisha kwamba panya hao walikosa kitu fulani kinachosafiri katika damu, ilhali aina nyingine ya panya wanene walikuwa nacho lakini hawakuweza kukiitikia. Jeffrey Friedman na wenzake waliitambua jeni inayohusika mwaka 1994. Protini yake ilipewa jina kutokana na neno la Kiyunani leptos, yaani "-embamba". Kipokezi chake kilitambuliwa mwaka 1995.

Panya wasio na leptini hawakuwa wanene tu, bali pia walikuwa tasa. Mwaka 1996 ilidhihirika kwamba majike waliodungwa leptini waliweza kushika mimba. Shibe peke yake haielezi tokeo hilo.

3.0 Vipokezi katika Pituitari

Leptini hutolewa hasa na tishu za mafuta, na kiasi chake katika damu hulingana na akiba ya mafuta mwilini. Vipokezi vyake vingi vimo katika haipothalamasi, lakini vimo pia katika sehemu ya mbele ya pituitari. Vipo vya umbo refu na vya umbo fupi. Kile kirefu kina mkia ndani ya seli unaopitisha ujumbe hadi kwenye kiini.

Katika pituitari ya panya wakubwa iliyotunzwa nje ya mwili, leptini ilichochea utoaji wa homoni zinazoongoza ovari na korodani. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba panya wadogo walioondolewa vipokezi katika seli za homoni ya ukuaji walipungukiwa na homoni hiyo, kisha wakanenepa utuuzimani. Kwa hiyo ujumbe unaopokelewa na pituitari si "acha kula", bali ni "akiba ipo": mwili unaweza kukua na kuzaa.

4.0 Umuhimu wake Mwimbi

Mwimbi, katika uwanda wa juu wa Ufipa, ni eneo la mahindi lenye msimu mmoja wa mvua. Adui mkubwa wa mbegu iliyofukiwa nchini Tanzania ni panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye jike lake huweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Tafiti za muda mrefu zilizofanywa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, zimeonyesha kwamba uzazi wake hufuata mvua na majani machanga.

Matokeo ya panya wa maabara hayawezi kuhamishiwa kwa panya shamba bila kupimwa. Hata hivyo, yanafungua swali la msingi: chakula cha msimu hugeukaje kuwa uzazi? Mwanafunzi aliyefundishwa "homoni ya shibe" hataliuliza swali hilo, kwani istilahi yenyewe imemwishia tumboni.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba neno leptini litoholewe na kubaki hivyo, bila kufasiriwa kwa kazi yake moja. Kwa upande mwingine, kipokezi, neno linalotokana na kitenzi pokea, linafaa kuliko utohozi, kwa kuwa linaeleza kazi isiyobadilika popote kilipo, iwe katika haipothalamasi au katika pituitari. Istilahi nzuri humwachia msomaji nafasi ya kuendelea kuuliza.