Falaki Ianzie kwa Mwezi

Katika sekondari zetu falaki haikupewa kipindi chake. Imegawanywa kati ya jiografia na fizikia. Hatuna budi, basi, kuuweka msingi wake sisi walimu wa shule za msingi. Mtoto wa Mwandiga ajua tayari kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Tuanzie hapo. Kwa siku 30 auchore mwezi kila jioni. Ukichelewa kuchomoza, autazame alfajiri. Kisha, chumbani penye giza, anyoshe mkono wenye chungwa mbele ya taa, juu kidogo ya kichwa, azunguke polepole alipo. Atagundua mwenyewe kwamba mwezi haumegwi na kivuli cha dunia, kama wengi wadhanivyo. Kivuli hicho huufikia wakati wa kupatwa tu.