Ndege anaruka, ndege inaruka

Nilipowakunjia watoto wa jirani, hapa Lubumbashi, ndege ya karatasi, mmoja aliuliza: «Haipigi mabawa, nguvu inaitoa wapi?» Kwa Kifaransa, oiseau na avion ni maneno mawili, swali hilo huenda lisingezaliwa. Kiswahili kina neno moja, na katika Kiswahili sanifu upatanisho ndio unaotenganisha: ndege anaruka, ndege inaruka. Nikaanzia hapo. Yule hujisukuma kwa mabawa. Hii husukumwa na mkono. Ikienda, bawa husukuma hewa chini, nayo hewa hulisukuma bawa juu. Uzito huivuta chini, ukinzani wa hewa huipunguzia mwendo. Tulipoongeza mikunjo puani, uzito ulisogea mbele, ikaacha kuinua pua na kuporomoka. Basi mwalimu asilikimbie neno lenye maana mbili: humo ndimo swali la sayansi lilimojificha.