Saa ya Seremala Iliyoonyesha Njia Baharini

Katika nyumba ya kale ya kutazamia nyota huko Greenwich, London, imewekwa saa yenye ganda la fedha, upana wake sentimita 13 hivi, na uzito wake karibu kilo moja na nusu. Kwa umbo ni kama saa ya mfukoni, ila hakuna mfuko wa kuichukua. Imesimamishwa kwa makusudi, kwa maana ikiachwa iende, vyuma vyake vitalika. Hiyo ndiyo mama wa saa za baharini ziitwazo kronomita, naye aliyeitengeneza, John Harrison, alikuwa seremala wa shamba.

Pengine msomaji atauliza, saa yaweza kumwambia baharia nini juu ya mahali alipo? Na tuanze hapo. Kujua umbali wa kaskazini au kusini si kazi ngumu. Mabaharia wa Kiarabu waliokuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi walipima kimo cha nyota kwa kibao na kamba yenye mafundo, iitwayo kamal. Lakini umbali wa mashariki au magharibi, yaani longitudo, haupimwi hivyo, kwa sababu dunia huzunguka daima na nyota huonekana kupita juu ya watu wote kwa zamu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa muda wa saa 24, ndiyo kusema digrii 15 kila saa, au digrii moja kila dakika 4. Basi jua likifika utosini Mombasa, huko Greenwich ni kama saa tatu na dakika 21 asubuhi. Tofauti hiyo ya saa mbili na dakika 39 hivi ndiyo longitudo ya Mombasa, karibu digrii 40 mashariki. Baharia mwenye saa iliyotegwa Greenwich, nayo isiyopotea, akilitazama jua la adhuhuri hujua mahali alipo.

Taabu ilikuwa hiyo saa isiyopotea. Mwaka 1707 manowari 4 za Kiingereza zilipasuka juu ya miamba ya visiwa vya Scilly, kwa kuwa wakubwa wake hawakujua hasa walipo, na watu zaidi ya elfu moja wakafa maji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi pauni 20,000 kwa mtu atakayeonyesha njia ya kupata longitudo bila kukosea zaidi ya nusu digrii. Kwa saa, maana yake ni kosa lisilozidi dakika 2 katika safari nzima ya kwenda visiwa vya West Indies.

Wenye elimu wengi walitafuta jawabu mbinguni, katika mwendo wa mwezi. Harrison, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1693, alilitafuta katika kazi ya mikono yake. Alikwisha tengeneza saa za mbao, nyingine zenye sehemu za mti mgumu wenye mafuta yake mwenyewe, hata hazikuhitaji kutiwa mafuta. Lakini saa ya ukutani huongozwa na uzito unaoning'inia, na merikebu ikienda mrama uzito huo huvurugika. Tena joto hurefusha chuma, na baridi hukifupisha. Mashine yake ya kwanza, ya mwaka 1735, ilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi. Akaunda ya pili, kisha ya tatu, ambayo peke yake ilimla miaka 19. Humo aliunganisha ukanda wa shaba na ukanda wa chuma. Kwa kuwa shaba hutanuka kuliko chuma, ukanda huo hupinda joto likizidi, na hivyo husahihisha mwendo wa saa. Mwishowe akaacha mashine kubwa, akatengeneza hiyo saa ya nne, iliyokwisha mwaka 1759. Gurudumu lake la mizani hupiga mara 5 kila sekunde, na mwendo wa upesi namna hiyo hausumbuliwi sana na mawimbi.

Mwezi wa Novemba 1761 mwanawe William aliichukua kwenda Jamaica. Njiani nahodha alidhani wako mahali pengine, lakini William akamsihi ashike njia ile ile, kwamba kesho wataona nchi kavu karibu na Madeira. Wakaiona. Kufika Jamaica saa ilikuwa imechelewa sekunde 5 tu.

Hata hivyo Baraza la Longitudo lilisema labda ni bahati. Likataka safari nyingine, ya Barbados, mwaka 1764, na saa ikashinda tena. Ndipo likatoa nusu ya zawadi, likimlazimisha kwanza kufichua siri zote za kazi yake. Kwa maoni yetu mzee huyu hakutendewa haki. Alipata fedha nyingine, pauni 8,750, mwaka 1773 kwa amri ya Bunge, baada ya Mfalme George III kumsaidia. Alikuwa na umri wa miaka 80. Akafariki mwaka 1776.

Nakala ya saa yake, iliyotengenezwa na Larcum Kendall, ilisafiri na Nahodha James Cook kuanzia mwaka 1772 mpaka 1775, katika joto la tropiki na katika barafu ya kusini, na Cook akaisifu sana. Lakini bei yake ilikuwa pauni 450, nayo merikebu nyingi hazikuweza kuimudu. Mafundi John Arnold na Thomas Earnshaw ndio walioirahisisha kazi hiyo hata kronomita zikaenea. Nahodha W. F. W. Owen, aliyetia nanga Mombasa mwaka 1824 katika kazi ya kupima pwani ya Afrika, alikuwa na kronomita merikebuni, na kwa hizo akaandika longitudo za bandari zetu katika ramani zake.